Moshi, Dohani na Boriti: Habari za Nyumba ya Great Dixter

Mgeni aendaye kuitazama nyumba ya Great Dixter, iliyo pembezoni mwa kijiji cha Northiam katika jimbo la East Sussex, kusini-mashariki ya Uingereza, hupokewa kwanza na kibaraza cha mlangoni kilichoinama upande mmoja waziwazi, nguzo zake zikiwa zimeacha wima wao tangu zamani za mababu, na juu ya hayo kingali kimesimama, na watu wapita chini yake kila siku bila ya hofu. Mkono wa kulia wa kibaraza hicho umesimama ukumbi mkuu wa katikati ya karne ya 15. Mkono wa kushoto uko upande uliojengwa kwa matofali na vigae kati ya 1910 na 1912. Na kwa nyuma, mahali ambapo mwenye haraka hafiki, ipo nyumba nyingine kamili ya mapema ya karne ya 16, ambayo asili yake si hapo hata kidogo, bali ililetwa vipande vipande kutoka kijiji cha Benenden katika jimbo jirani la Kent. Kwa hiyo mtu akiuliza nyumba hii ni ya mwaka gani, hapati jibu la neno moja, na afadhali asilipate, maana kila aliyeishi humo aliibadili kwa haja yake, na haja hizo ndizo habari yenyewe.

Nchi ya huko, iitwayo Weald, zamani ilikuwa na misitu mikubwa ya mialoni na udongo mzito wa mfinyanzi, na mti ulikuwa mwepesi kupatikana kuliko jiwe, basi fundi mkuu wa nyumba akawa seremala wala si mwashi. Seremala yule alifanya kazi kwa mwaloni mbichi, kwa sababu mwaloni uliokwisha kauka hushinda shoka na patasi. Alichonga mwisho wa ubao mmoja ukawa ulimi, akatoboa tundu katika ubao wa pili wa kuupokea ulimi huo, kisha akapitisha kigingi cha mbao kuvifunga pamoja. Na hapa ndipo palipo na werevu ambao mimi huuona ni wa kustaajabisha, kwamba tundu la kigingi lililo katika ulimi lilitobolewa kwa makusudi likapishana kidogo na lile la ubao unaoupokea, hata kigingi kinapogongwa kikalazimika kujipinda njiani, na kwa kujipinda kwake kikauvuta ulimi ndani na kukaza kiungo kisipate nafasi ya kucheza. Miaka ikipita mti hukauka, hunywea, hujipinda utakavyo wenyewe, na nyumba nzima huyumba pamoja nao. Walakini viungo haviachani. Kibaraza cha Dixter, basi, hakikuinama kwa uzembe wa fundi.

Fauka ya hayo, fremu za nyumba za namna hii hazikukatwa mahali pa jengo. Zilikatwa uwanjani kwa seremala, zikalazwa chini, zikajaribiwa kiungo kwa kiungo, zikatiwa alama, kisha zikafunguliwa na kubebwa kwa mikokoteni hadi kiwanjani, zikasimamishwa huko. Alama zenyewe ni tarakimu za Kirumi, nazo zilipendwa kwa sababu ni mistari iliyonyoka ambayo patasi huweza kuichora kwa pigo moja moja. Na mtu mwenye macho mazuri akisimama ndani ya nyumba ya mbao ya zama hizo, akaangaza taa kwa ubavu wa boriti, aghalabu huziona hata leo, kiguzo cha tatu na tundu lake la tatu, cha nne na la nne. Nafasi iliyobaki kati ya nguzo na nguzo ilisukwa kwa fito, ikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi, ikapakwa chokaa juu yake: ukuta ambao msomaji wa pwani yetu hana haja ya kuelezwa zaidi, kwani ameuona kijijini kwao.

Mwili wa nyumba ulikuwa ukumbi. Ule wa Dixter una urefu wa futi 40 na upana wa futi 25, na kutoka sakafuni hadi kileleni mwa paa ni kiasi cha futi 30, bila ya dari wala orofa baina yake. Nao umehesabiwa miongoni mwa kumbi kubwa kabisa za mbao zilizosalia nchini humo. Paa lake lina jambo la kutazamwa. Katika majengo mengi ya wakati ule kuta mbili za ubavuni huzuiwa zisitanuke kwa boriti ndefu ipitayo juu kwa juu kutoka ukuta mpaka ukuta. Na katika majengo ya fahari zaidi boriti hiyo huachwa, badala yake yakawekwa magogo mafupi yanayochomoza kutoka kila ukuta na kubeba nguzo za paa, hata pale katikati pakabaki wazi kwa adhama. Dixter ina namna zote mbili chini ya paa moja, hii ikifuatwa na hii, jambo ambalo ni nadra mno kuonekana. Na juu ya mbao hizo zimechongwa ngao za koo za kikabaila za nchi ile, ukiwamo ukoo wa Etchingham, ili kila alaye chakula humo ainue macho na kukumbushwa ni nani walio jamaa za mwenye nyumba.

Humo ukumbini ndimo walimokula bwana na watumishi, humo ziliamuliwa kesi za shamba, na baadhi ya watumishi wakalala humo humo. Mpango wake ulikuwa ni mpango wa hadhi. Upande mmoja ulikuwa wa juu, ambako meza ya bwana iliwekwa, na nyuma yake mlikuwamo chumba cha faragha, na juu ya chumba hicho kingine cha orofani ambamo bwana na aila yake walijitenga usiku. Upande wa pili ulikuwa wa chini, ambako kulipita ujia kutoka mlango wa mbele hadi mlango wa nyuma, na ng'ambo ya ujia zikawapo ghala mbili, moja ya vinywaji na moja ya mikate. Mtu aliyeingia kwa mara ya kwanza katika nyumba yoyote ya namna hii, kubwa au ndogo, alijua bila ya kuambiwa asimame wapi.

Na katikati ya sakafu uliwaka moto. Hapakuwa na dohani. Moshi ulipanda, ukatanda chini ya paa, ukatafuta njia ya kutokea katika nyufa na matundu yaliyoachwa juu, na kabla ya kutoka uliwashukia wote waliokaa chini, bwana na mtwana sawasawa, ukiwatoa machozi. Athari zake zimebaki hata leo katika nyumba nyingi za kusini ya Uingereza: mtaalamu akitaka kujua kama nyumba ya kijijini, ambayo leo ina orofa mbili na vyumba sita, ilikuwa hapo kale na ukumbi wa wazi, hapandi ngazi kwenda kutazama vyumba, bali hupanda darini gizani akatazama makombamoyo, na akiyakuta yana masizi meusi yaliyogandamana, yamejua moshi wa karne moja au mbili, basi hukumu imekwisha.

Dohani ndiyo iliyouua ukumbi. Katika 1577 ilichapishwa sifa ya nchi ya Uingereza iliyoandikwa na William Harrison, kasisi wa kijiji cha Radwinter katika Essex, naye anasimulia ya kuwa wazee wa kijijini kwake walishangazwa na mambo matatu yaliyogeuka katika maisha yao: wingi wa dohani zilizojengwa karibuni, ubora wa malazi, kwani wao walilalia majani makavu na gogo likawa mto, na vyombo vya kulia ambavyo vya mbao vilipisha vya madini. Harrison mwenyewe hakuipokea dohani kwa furaha tupu. Alidhani moshi ule wa zamani uliimarisha mbao za nyumba na kuwakinga wakaao ndani na maradhi, na kwamba tangu watu waupate moto wa ukutani wamezidi mafua. Wazee wa kila nchi husema maneno ya jinsi hii juu ya kila raha mpya, ila hapa ni vema tukiri kwamba juu ya mbao huenda alikuwa na hoja.

Tazama sasa nguvu ya kitu hiki kimoja. Maadamu moto uko katikati ya sakafu na moshi wapanda juu, haiwezekani kuweka dari, kwa kuwa atakayelala juu ya dari hiyo atakaushwa kama samaki. Lakini ukijenga dohani ya matofali ukaukusanya moshi wote ndani yake, basi ile nafasi kubwa tupu iliyo juu ya vichwa vya watu yawa mali inayopotea bure. Watu wakaweka orofa. Wakapata vyumba vya kulala, wakapata mahali pa kuhifadhi nafaka na sufu, wakapata sitara ambayo baba zao hawakuijua, mke na mume mbali na watumishi, wasichana mbali na wavulana. Mwanahistoria W. G. Hoskins, katika makala aliyoitoa 1953, aliiita zama iliyo baina ya 1570 na 1640 kuwa ndiyo zama ya kujengwa upya vijiji vya Uingereza, na ingawa waliomfuata wamezivuta tarehe hizo huku na huku kwa kadiri ya jimbo na jimbo, asili ya maneno yake haijatanguka: wakulima wenye ardhi yao, waliotajirika kwa bei nzuri ya mazao, waliiweka faida yao katika dohani, orofa, ngazi na vioo vya madirisha.

Dixter nayo ikapita njia hiyo. Ukumbi wake ukakatwa kwa orofa mbili zilizoingizwa ndani yake, ukawa na tabaka tatu za vyumba mahali palipokuwa na nafasi moja, na vyumba hivyo vikatengwa kwa viambaza. Zile ngao za koo zilizochongwa kwa ajili ya macho ya wageni wa karamu zikawa katika vyumba vya juu. Kadiri miaka ilivyopita wenye milki hawakukaa humo wenyewe, nyumba ikakodishwa kwa wakulima, na mkulima mpangaji hana haja ya fahari ya kikabaila. Ana haja ya chumba kikavu, jiko linalowaka na ghala isiyovuja. Baadhi ya mabadiliko katika nyumba za Uingereza yaliletwa na serikali na wala si na wenye nyumba: iliwahi kutozwa kodi ya meko kati ya 1662 na 1689, ikaja kodi ya madirisha kutoka 1696 hadi 1851, ambayo iliwafanya watu wengi kuziba madirisha yao na kukaa gizani kuliko kulipa, na ushuru wa matofali kuanzia 1784 hadi 1850. Yote hayo yameacha alama zake kutani, na ajuaye huzisoma.

Ilipofika 1910, nyumba ikiwa imechakaa na kuhesabiwa kuwa ni nyumba tu ya shamba linalouzwa, ilinunuliwa na Nathaniel Lloyd, mtu aliyejipatia mali katika kazi ya uchapishaji na aliyekuwa na shauku ya majengo ya kale iliyomfanya baadaye aandike kitabu cha historia ya ujenzi wa matofali na kingine cha historia ya nyumba za Uingereza. Akamwita Edwin Lutyens, msanifu majengo ambaye jina lake lilikuwa linapanda, yule ambaye baadaye alijenga kasri ya makamu wa mfalme huko New Delhi na mnara wa kumbukumbu ya waliokufa vitani ulioko Whitehall, London. (Mwenzake katika kazi ya Delhi, Herbert Baker, ndiye aliyechora ramani ya jengo ambalo leo ni Ikulu ya Nairobi.) Lutyens na Lloyd wakazoa orofa na viambaza vyote vilivyoingizwa ukumbini, wakaufungua tena mpaka kileleni, na makombamoyo yakaonekana kutoka sakafuni kwa mara ya kwanza baada ya karne nyingi.

Lakini Lloyd alikuwa na mke na watoto, na ukumbi ukisha funguliwa vyumba hupungua. Basi nyumba ikawa haina budi kuongezwa. Hapo ndipo ilipotokea ile habari ya Benenden. Lloyd na Lutyens walipokuwa wakizunguka vijijini kutazama ufundi wa kale wa nchi ile, walipata nyumba ya mbao ya mapema ya karne ya 16 ambayo ilikuwa katika hali mbaya na ikingojea kubomolewa. Lloyd akainunua kwa pauni 75, mbao zake zikatiwa nambari moja moja, zikafunguliwa, zikasafirishwa maili kadhaa, na kusimamishwa tena nyuma ya Dixter. Wako waliokiona kitendo hiki kuwa ni cha kigeni, nyumba kuhamishwa kama mzigo. Ila aliyesoma maneno yaliyotangulia atatambua ya kuwa fremu ile ilikwisha safiri kwa mikokoteni mara moja kabla ya hapo, siku ile ilipotoka kwa seremala, na kwamba kuifungua na kuifunga ndivyo ilivyokusudiwa tangu asili.

Ama upande mpya, huo ndio mimi niupendao kuliko wote, na sababu yangu ni ukweli wake. Lutyens angeweza kuujenga kwa nguzo nyeusi na chokaa nyeupe, ukaiga karne ya 15, na wageni wengi wangedanganyika. Hakufanya hivyo. Aliujenga kwa matofali na vigae vya nchi ile ile, akalishusha paa lake chini kwa mteremko mrefu, akapandisha dohani kubwa ndefu zinazoonekana kutoka mbali, na mtu yeyote asimamaye mbele ya nyumba hujua mara moja wapi pamekwisha la zamani na wapi limeanza jipya, na walakini viwili hivyo havigombani.

Juu ya ukumbi wenyewe, hata hivyo, nina shaka. Tangu 1877 palikuwapo Uingereza jumuiya ya kuhifadhi majengo ya kale, iliyoanzishwa na William Morris, mshairi na fundi wa nakshi, kwa hasira aliyoipata kwa kuona makanisa ya kale yakikwanguliwa na kuondolewa kila kilichoongezwa na vizazi vya baadaye, ili eti yarudi katika usafi wa karne moja iliyochaguliwa na msanifu. Morris na wenziwe walisema kwamba jengo lizuiwe lisianguke, lizibwe paa, litegemezwe ukuta, lakini lisilazimishwe kuwa lisivyo. Katika jimbo hilo hilo la Sussex, huko Alfriston, ilikuwapo nyumba ya kale ya kasisi, ya mbao na paa la kuezekwa kwa majani, ambayo kanisa lilikwisha iruhusu ibomolewe. Ikanunuliwa 1896 kwa pauni 10 na National Trust, chama kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ikawa ndiyo nyumba ya kwanza ya chama hicho, na jumuiya ya Morris ikashauri namna ya kuitengeneza. Gharama ya matengenezo ikaizidi bei ya ununuzi mara nyingi.

Sasa tuupime ukumbi wa Dixter kwa mizani hiyo. Lutyens na Lloyd waliondoa kazi ya mafundi wa zama zilizo baina ya 1450 na wao, mafundi ambao kosa lao lilikuwa ni kuja wakati usiopendwa, na waliowaondolea ni mkulima na mkewe waliopata, kwa orofa zile, raha ambayo kabaila wa kwanza hakuwa nayo. Wala kilichobaki si ukumbi wa 1450. Ndani yake kuna meko makubwa ya ukutani yenye dohani yake. Moto hauwaki tena katikati ya sakafu, machozi hayatoki, na hakuna mwaka hata mmoja wa karne ya 15 ambao ukumbi ule ulikuwa na sura hii uliyo nayo leo, uwazi wa zamani pamoja na hewa safi ya wakati wetu. Ni kazi ya 1912, na kwa haiba yake ni kazi bora. Lakini nusu ya uzuri wake ni ya Lutyens, na mwongozaji wa wageni angewatendea haki wote wawili, Lutyens na yule seremala, kama angelisema hivyo wazi.

Ukumbi ukapata na matumizi yasiyotazamiwa na yeyote: wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ulitiwa vitanda vya askari majeruhi. Baadaye mwana wa mwisho wa Lloyd, Christopher, aliyezaliwa 1921 na kufa 2006, akaishi katika nyumba hiyo karibu maisha yake yote, akaifanya bustani yake ijulikane duniani kwa vitabu na makala zake, na kwa sababu hiyo wengi wanaokwenda Northiam siku hizi huenda kwa maua, wakaipita nyumba kwa jicho moja. Leo milki yote iko mikononi mwa amana maalumu, na milango hufunguliwa kwa wageni katika majira ya joto.

Baada ya sheria ya mipango ya miji na vijiji ya 1947 majengo ya kale ya Uingereza yalianza kuorodheshwa, na Great Dixter imo katika daraja la kwanza, ambalo halina zaidi ya majengo mawili au matatu katika kila mia ya yaliyoorodheshwa. Hakuna mwenye nyumba ya daraja hilo awezaye kuondoa dari, kubomoa kiambaza wala kufungua dirisha jipya kwa hiari yake bila ya kibali, na lau Lloyd angekuja leo na ombi la kuzoa orofa za kale ukumbini, sidhani kama angekubaliwa. Dohani za Lutyens nazo zinalindwa na sheria hiyo hiyo.